Shajara ya mradi: duka la khanga la shangazi linaingia mtandaoni

Siku ya 1

Nimemaliza kusoma soga za WhatsApp za shangazi, kwa ruhusa yake, za mwezi mzima uliopita. Anauza khanga Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, si mbali na Mnazi Mmoja. Siku hizi wateja wanamfuata kwenye simu kutoka Mwanza, Songea, Dodoma, na mmoja yuko Muscat. Anataka tovuti.

Kabla ya kuchora chochote nilitaka kujua watu wanaogopa nini. Nikachukua daftari, nikaandika kila swali lililoulizwa kabla ya mtu kulipa. Nilidhani bei itaongoza. Wapi! Yanayojirudia ni haya: duka liko wapi? Hiyo picha ni ya mzigo wenyewe au umeitoa mtandaoni? Inachuja? Nikituma hela litatokea jina gani? Wengine walijibiwa vizuri tu, wakasema "sawa, nitakucheki", na hawakurudi.

Karatasi hiyo nimeibandika ukutani juu ya meza. Chochote nitakachochora kiwe kinajibu mojawapo ya maswali hayo.

Siku ya 4

Sikuchukua hata siku tatu kuisahau karatasi.

Rasimu ya kwanza nimeipeleka dukani leo. Nilikuwa najivuna nayo: kurasa nyeupe zenye nafasi ya kupumua, maandishi membamba ya kijivu, na juu kabisa picha ya binti amejitanda khanga ufukweni. Picha nimeipakua kwenye ghala la picha za bure. Shangazi aliishika simu mbali na uso kama anavyoshika gazeti.

"Mwanangu, hili duka la nani?"

"Lako, shangazi."

"Huyu binti simjui. Na hiyo khanga aliyojitanda siiuzi."

Akatoka nayo nje, kwenye jua la saa saba, akarudi akanikabidhi simu. "Huko nje haisomeki."

Nimepima baada ya kurudi nyumbani, na haki yake. Kijivu changu, ambacho msimbo wake wa rangi ni #999999, juu ya nyeupe kinatoa uwiano wa mwangaza wa 2.85 kwa 1. WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nimehamia #595959, ambacho kinafika 7 kwa 1, na bei nimeiweka nyeusi kabisa, herufi nene. Hapa suala si macho ya shangazi peke yake. Bei isiyosomeka inamkumbusha mtu bei iliyofichwa, ile ya "bei njoo inboksi", ambayo kila mnunuzi anaamini inapangwa kwa kuangalia kwanza picha ya wasifu ya aliyeuliza.

Binti wa ufukweni nimemfuta.

Siku ya 5

Jana usiku nilirudia utafiti wa zamani ambao wasanifu tunapenda kuutaja tunapodai malipo. Mwaka 2002 B. J. Fogg na wenzake wa Stanford waliwataka watu zaidi ya 2,600 watathmini tovuti na kueleza kwa nini wanaiamini hii kuliko ile. Karibu nusu, asilimia 46.1, walitaja mwonekano: mpangilio, herufi, rangi. Halafu upo ule wa Gitte Lindgaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, wa mwaka 2006. Watu walionyeshwa kurasa kwa milisekunde 50, chini ya kupepesa jicho, na bado hukumu yao ya ipi inavutia haikupishana sana na ya walioziona kwa muda mrefu zaidi.

Tusichomwambia mteja ni kwamba huo wa pili ulipima mvuto, haukupima imani. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa inavutia. Kwa mtu anayetaka kutuma elfu ishirini yake kwa asiyemjua, ilikuwa inavutia kama duka la tapeli aliyejipanga.

Siku ya 8

Siku ya picha. Hapa ndipo kazi ilipo, na ninakiri nilikuwa nimeitengea nusu siku tu.

Tulianza ndani, chini ya taa ya tyubu. Nyekundu ikatoka ya matofali, zambarau ikawa bluu. Tukahamia mlangoni saa tatu asubuhi, upande wa kivuli, karatasi nyeupe pembeni ili baadaye niisahihishe rangi kwa kuiangalia hiyo. Kila doti tumeipiga mara tatu. Ya kwanza imetandazwa yote, ili pindo, mji na jina vionekane kwa pamoja; mnunuzi wa khanga hanunui ua, ananunua na maneno, na muuzaji anayekata jina kwenye picha anaonekana hajui anachouza. Ya pili ni ya karibu kabisa, kwenye ukingo ambapo rangi mbili zinakutana, kwa sababu hapo ndipo uchapaji mbovu unapojionyesha: rangi moja imeteleza kidogo nje ya mstari wake. Ya tatu tumebishana.

Nilitaka picha ya khanga iliyofuliwa. Shangazi alikuwa na vipande vya sampuli, tukavitia kwenye ndoo moja moja, tukavikamua juu ya leso nyeupe ya mfukoni. Vitatu havikutoa kitu. Cha nne, cheusi na chekundu, kiliacha leso na doa la waridi.

"Hicho usikiweke," akasema.

"Shangazi, wateja wanauliza kama inachuja. Wote."

"Wakiuliza nitawaambia."

"Ukiwaambia baada ya kuulizwa ni utetezi."

Alinyamaza muda. Mwishowe tukaweka picha ya leso yenye doa, na chini yake: "Hii inachuja ikifuliwa mara ya kwanza. Ifue peke yake." Ameniambia ikikosa soko nitainunua mimi.

Leo pia nimekata kitu kwenye picha. Shangazi ndiye aliyekuwa anashikilia kona za khanga, na kwenye picha nyingi kidole gumba chake kinaonekana, na hina iliyokwishafifia na pete ya fedha. Nikaona ni uchafu wa picha. Nimekikata karibu kote.

Siku ya 9

Picha moja kutoka kwenye simu: megabaiti 4.2. Picha 12 kwenye ukurasa mmoja ni zaidi ya megabaiti 50, na bando ni la mteja. Nimezipunguza na kuzigeuza WebP, aina ya faili jepesi la picha, kila moja kama kilobaiti 140. Nimetangulia pia kuipimia kila picha nafasi yake kwenye ukurasa. Bila hivyo maandishi yanapanda na kushuka kadiri picha zinavyoingia, na mtu aliyekusudia kubonyeza "Rudi" anajikuta amebonyeza "Lipa". Ukurasa unaorukaruka karibu na hela unatisha.

Siku ya 12

Leo nimejifunza jambo kwa aibu.

Ukurasa wa malipo niliuona rahisi. Jina la khanga, jumla, nauli ya mzigo, kisha maelekezo. Maelekezo niliyaandika mwenyewe, kwa ufupi, nikidhani ufupi ni heshima: "Tuma pesa kwenye namba hii. Jina litatokea…" na jina likafuata.

Nikampa dada mmoja jirani wa duka, muuza vitambaa, ajaribu. Alipita picha zote akitabasamu, akachagua, akajaza. Kufika malipo akacheka kwa sauti, akamwita mwenzake. "Njoo uone, 'ile hela itume kwenye namba hii'!"

Aliye Tanzania hahitaji kuelezwa. Ni ujumbe ambao kila mwenye simu amewahi kuupokea kutoka kwa asiyemjua: ile hela itume kwenye namba hii, jina litatokea fulani. Watu wameufanyia utani hadi umekuwa kama methali, na wapo waliolia. Mimi nimekaa siku kumi na moja nikichagua fonti na vivuli, kisha kwenye mlango wa hela nikaandika maneno ya matapeli, karibu neno kwa neno, na kuyaweka ndani ya kisanduku chenye kona za mviringo.

Nimeufumua ukurasa wote. Sasa mnunuzi anaona kwanza picha ndogo ya doti aliyochagua, ileile, si alama ya kapu. Chini yake jumla, na nauli imeandikwa mstari wake. Halafu picha halisi ya bango la Lipa Namba, ile namba ya duka ya kupokea malipo ya simu, lililobandikwa ukutani dukani, na kipande cha rafu ya khanga kikionekana nyuma yake. Kisha sentensi: "Ukiingiza namba hii, kabla hujaweka namba ya siri, simu yako itakuonyesha jina la duka. Kama si jina hili, usilipe, tupigie." Namba ya simu ya dukani iko hapo hapo, kwa herufi kubwa kama bei.

"Usilipe" kwenye ukurasa wa kulipia! Nimeliandika, nimelifuta, nimelirudisha. Litabaki.

Siku ya 13

Tatizo limetokea kwenye sentensi ileile. Jina si hilo.

Kibao cha juu ya mlango kina jina moja. Instagram ina jina jingine, alilolifungua binti yake. Lipa Namba inatoa jina la marehemu mume wake, kwa herufi kubwa, kwa kuwa ndiye aliyeisajili. Shangazi anawajua wote watatu, lakini mteja wa Songea hamjui hata mmoja.

Siku ya 17

Siku nne za kutochora chochote. Jina la biashara lilikuwa limesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, tangu zamani, kwa jina la kibao, cheti kikiwa ndani ya bahasha chini ya mashine ya kuhesabia hela. Kubadilisha jina la Lipa Namba kumetuzungusha: ofisi moja ya kampuni ya simu ilitutuma kwenye nyingine, hiyo ikasema mtandao uko chini, njooni kesho. Kesho yake wakataka kivuli cha cheti. Leo limebadilika. Nimejaribu kujilipa shilingi 1,000 na jina la kibao likatokea. Shangazi alilisoma mara mbili.

Kwa hiyo nembo niliyokuwa nimeichora, khanga iliyokunjwa kama ua, haina kazi tena. Nimepiga picha kibao, kile cha rangi ya mafuta kilichochorwa na fundi wa mabango miaka mingi iliyopita, herufi zake zikiwa nzito chini na nyembamba juu, na kivuli cha njano upande wa kushoto. Nimezifuatisha hizo herufi kama zilivyo, na R yake iliyopinda. Mtu akifika dukani na simu mkononi anaona kitu kimoja mara mbili.

Shangazi hakushangaa. Alinitolea kabatini doti ya zamani ya Mombasa, akageuza ukingo, akanionyesha maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887. "Mama yangu alikuwa hanunui bila kugeuza hapa," akasema. "Ua linaigwa na kila mtu. Alikuwa anasoma ukingo."

Siku ya 20

Mpwa mwenzangu, anayejua kompyuta kuliko mimi kwa maneno yake, anataka tuweke picha ya kufuli ya kijani, muhuri wa "SALAMA 100%" na saa inayohesabu kurudi nyuma: zimebaki doti 2 tu!

Kufuli nimekataa. Chrome yenyewe iliiondoa alama ya kufuli kwenye kisanduku cha anwani Septemba 2023, kwa kuwa watu walidhani inathibitisha uaminifu wa mwenye tovuti, wakati inaonyesha tu kwamba njia ya mawasiliano imefungwa, wengine wasisome yanayopita. Tapeli naye anapata cheti cha tovuti cha kufungia njia hiyo, tena bure. Cheti tunacho, muhuri wa kuchora hatuuhitaji.

Saa nayo nimekataa. Badala yake, khanga zilizokwisha hatuzifuti. Zinabaki na neno "Imeisha" juu yake. Mpwa anasema ni kupoteza nafasi. Mimi naona duka lenye vilivyokwisha ni duka ambamo watu wengine wameshanunua.

Fomu nimeipunguza pia. Kiolezo nilichoanzia kilikuwa kinadai barua pepe na tarehe ya kuzaliwa. Ya nini, mtu ananunua khanga? Jina, simu, mzigo uende wapi, basi. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki ukusanye usichokihitaji.

Siku ya 23

Majaribio dukani. Niliomba wateja waliokuja kununua kwa mkono wajaribu kununua kwa simu, nikakaa kwenye kigoda nikijizuia kusema.

Nimeandika mambo mengi kwenye daftari, lakini moja linatosha. Mama mmoja wa makamo aliishika simu, akapita picha zote bila kusimama, akaenda moja kwa moja hadi mwisho kabisa wa ukurasa. Hakugusa kitufe chochote kati ya nilivyovipaka rangi. Alikuwa anatafuta namba ya simu. Alipoiona akaipiga.

Simu ya shangazi ikalia chini ya kaunta, hatua mbili nyuma yake.

"Haloo?"

Mama akageuka. Wakatazamana, simu masikioni, wakacheka mpaka shangazi akakaa. "Kumbe upo," mama akasema, kwenye simu bado. Akarudi juu ya ukurasa akaanza kuchagua taratibu.

Usiku nimeihamisha namba kutoka chini kwenda juu, karibu na jina, na pembeni yake saa ambazo simu inapokelewa. Shangazi ameahidi kuipokea. Nimemwambia akiiacha ilie, hii kazi yote niliyoichora haina maana.

Siku ya 31

Tuko hewani wiki moja. Oda za mikoani zinakuja, si nyingi. Mzigo ukikabidhiwa kwenye basi, shangazi anapiga picha kifurushi na risiti ya mzigo juu yake, namba ya simu ya mteja ameifunika kwa kidole, anaituma. Picha hizo ni mbaya kwa kila kipimo nilichofundishwa: zimepinda, mwanga wa stendi, mguu wa mtu kwenye kona. Sijagusa hata moja.

Ile inayochuja imeuzwa kabla ya zote, doti 3. Mteja mmoja aliandika: "Naomba ile mliyosema inachuja, nyie ni wakweli." Sina deni la khanga.

Imerudi moja. Picha ilionyesha bluu, mteja amepokea zambarau. Ni kosa langu, ni mojawapo ya zile tulizopiga chini ya taa, ilipenya. Hela imerudishwa siku hiyohiyo, nauli juu yetu, na picha mpya imepigwa mlangoni.

Siku ya 38

Tumeibiwa duka. Akaunti imefunguliwa Instagram, picha zetu zote, herufi zetu na R iliyopinda, bei pungufu kidogo, na namba ya mtu binafsi ya kutumia hela. Kila nilichokichora kimenakiliwa kwa siku moja. Tumeiripoti.

Aliyetushtua ni mteja wa Dodoma. Alikuwa karibu alipe huko. Anasema jambo moja lilimsumbua, akawaandikia: "Nipigie nyingine ya hiyo khanga sasa hivi, na kile kidole chenye pete kionekane." Wakamjibu picha hiyo inatosha. Akaomba tena, wakamzuia.

Nikamwuliza amekiona wapi kidole. Kumbe kuna picha nne nilizosahau kukata.

Siku ya 39

Nimeongeza kitufe kwenye kila khanga: "Omba picha mpya". Shangazi anaitoa rafuni, anaishika, anaipiga, anaituma siku hiyohiyo. Ameuliza kama lazima mkono uwemo. Nimemwambia hasa mkono.

Nimefungua kumbukumbu za siku ya 8 kurudisha picha zisizokatwa. Nusu ninazo nzima. Nyingine nilihifadhi juu ya za awali, zimekwenda.

Siku ya 40

Zilizobaki: doti 16 za kupiga upya, asubuhi, mlangoni, upande wa kivuli. Tulipanga iwe kesho. Shangazi amekataa, hina yake imeisha kabisa na mkono, anasema, unaonekana wa mtu mwingine. Ana harusi Jumamosi Temeke, atapakwa huko. Tunapiga Jumapili.